Masega ya ekzosi yamekufa: nibadilishe, nitoboe, au niachane na gari?

Ndugu Mshauri,

Salaam. Gari langu ni la petroli, silinda nne, injini ya lita 1.8. Lina umri wa miaka 18 na limetembea kilomita 240,000. Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi na skana imetoa kodi ya hitilafu P0420. Kupanda mlima limekuwa zito, na kwenye barabara tambarare halitaki kuvuka kilomita 80 kwa saa hata nikikanyaga mpaka chini. Asubuhi nikiliwasha nasikia mlio kama kokoto ndani ya mkebe wa masega, yaani kile kisafisha moshi cha ekzosi (catalytic converter), chini ya sakafu upande wa abiria. Mara nyingine linatoa harufu ya yai viza.

Kuna mambo mawili nadhani yanafaa kusemwa. Miezi minne iliyopita silinda ya tatu ilikuwa inamisi, yaani petroli yake haiungui ipasavyo, nami niliendelea kuliendesha kwa wiki tatu kabla ya kubadilisha koili ya cheche. Halafu linakula oili, kama lita moja kila kilomita 1,500.

Fundi wa kwanza anataka kutoboa masega abakize kopo tupu. Wa pili anasema tununue masega ya bei nafuu ya kuchomelea. Wa tatu anasema gari limezeeka, halistahili gharama hiyo. Nimsikilize nani? Na kama ni kubadilisha, kazi yenyewe inafanywaje ili isirudi?

Msomaji mwenye gari la zamani

JIBU

Ndugu msomaji,

Usinunue chochote bado. Masega hayafi yenyewe. Kuna kitu huyaua, na barua yako imetaja watuhumiwa wawili. Ukifunga masega mapya huku muuaji bado yumo ndani ya injini, utakuwa umemletea chakula kipya.

Ndani ya lile kopo kuna tofali la kauri lenye vitundu vyembamba maelfu, vilivyopakwa tabaka la alumina pamoja na madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Halichuji moshi kama chujio. Linachochea gesi zenye sumu zigeuke: monoksidi ya kaboni na petroli isiyoungua kuwa kabonidioksidi na maji, na oksidi za naitrojeni kuwa naitrojeni ya kawaida. Kazi hiyo huanza tofali likishapata joto la nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi. Silinda ikimisi, petroli mbichi na hewa ambayo haikutumika hupita moja kwa moja na kuungulia juu ya tofali. Joto likivuka nyuzi 1,000 madini hushikana vidonge na kupoteza nguvu. Likizidi kupanda, kauri yenyewe inayeyuka na vitundu vinazibana. Wiki tatu za kuendesha hivyo zinatosha kabisa kuleta hali unayoieleza.

Oili huua kwa njia nyingine, polepole. Ina fosforasi na zinki za kulinda vyuma visisagane. Oili ikiungua, majivu yake hulala juu ya tabaka la madini kama rangi juu ya kioo: vitundu vinaweza kuwa wazi lakini gesi haiyafikii madini. Maji ya rejeta yanayovujia ndani ya silinda kwa sababu ya gasketi ya silinda hedi hufanya uharibifu unaofanana na huo, kwa hiyo kama maji ya rejeta yako yanapungua bila kuvuja nje, litazame hilo pia.

Sasa vipimo. P0420 haisemi masega yamekufa. Inasema kompyuta imeona sensa ya oksijeni ya nyuma (iliyo baada ya masega) ikicheza karibu sawa na ya mbele (iliyo kabla yake). Fungua skana kwenye data hai, injini ikiwa ya moto, shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika. Kama sensa yako ya mbele ni ya aina ya zamani, itapanda na kushuka haraka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ya nyuma, masega yakiwa mazima, inatulia mahali fulani kati ya 0.5 na 0.8. Ikiwa inaruka pamoja na ya mbele, masega hayahifadhi tena oksijeni. Lakini kabla ya kuhukumu, tafuta uvujaji wa ekzosi. Tundu dogo kabla ya sensa ya nyuma huvuta hewa ya nje kati ya pigo moja la moshi na jingine, na sensa ikaona oksijeni isiyotoka kwenye injini. Washa gari likiwa baridi kabisa, mtu azibe mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, wewe usikilize mlio wa "tsss" kwenye viungo. Alama za masizi meusi kwenye flangi (viungo bapa vya boliti) au kwenye gasketi ya manifodi ya ekzosi ni ushahidi wa kutosha.

Kwako, hata hivyo, kukosa nguvu kunaashiria kuziba, na kuziba kunapimwa kwa geji, si kwa kukisia. Geji ya vakyumu, inayopima nguvu ya injini kufyonza hewa, inachomekwa kwenye mpira wowote unaotoka moja kwa moja kwenye manifodi ya hewa. Katika sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) injini nzima husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki ukiwa usawa wa bahari. Toa kama inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Panda hadi mizunguko 2,500 ushikilie. Sindano itaanguka kidogo kisha irudi. Ikiwa badala ya kurudi inaendelea kushuka taratibu kadiri unavyoshikilia, moshi hauna pa kutokea. Kipimo cha uhakika zaidi ni kufungua sensa ya mbele na kufunga geji ya presha kwenye tundu lake: katika sailensi isizidi psi 1.5, na kwenye mizunguko 2,500 isizidi psi 3 hivi. Ikizidi hapo kwa mbali, umepata jibu. Fundi asiye na geji anaweza kulegeza ekzosi mbele ya masega na kuliendesha gari mita chache. Nguvu zikirudi ghafla, tatizo liko nyuma ya hapo. Kelele itakuwa kubwa na moshi utakuwa wa moto chini ya sakafu, basi liwe jaribio fupi, uwanjani, madirisha wazi.

Ule mlio wa kokoto ni tofali lililovunjika linalocheza ndani ya kopo. Gari likiwa limepoa, ligonge kopo kwa ngumi au nyundo ya mpira. Likilia kama njuga, hakuna dawa ya kumimina kwenye tangi itakayolirudisha. Na harufu ya yai viza mara nyingi inatokana na petroli kuzidi hewa. Soma kwenye skana marekebisho ya mafuta ya muda mrefu: yakizidi asilimia 10 upande wa kutoa (alama ya -), kompyuta inahangaika kupunguza petroli, nawe tafuta nozeli inayovuja, presha ya pampu iliyozidi au sensa ya hewa yenye uchafu.

Sasa mkamate muuaji. Kumisi umeshakutibu kwa koili, lakini thibitisha: skana inaonyesha hesabu ya kumisi kwa kila silinda. Silinda ya tatu isome sifuri au karibu yake, katika sailensi na wakati wa kupanda mlima. Toa plagi zote nne uzipange kwa namba. Plagi ya tatu ikiwa na majivu meupe magumu au oili mbichi kuliko wenzake, oili yako inaingilia huko. Wakati plagi ziko nje pima kompresheni. Tofauti kati ya silinda yenye kipimo cha juu na ile ya chini isipite asilimia 15. Ile iliyo chini imiminie kijiko kimoja cha oili na upime tena. Ikipanda sana, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, angalia valvu.

Kabla hujaogopa kushusha injini, badilisha valvu ya PCV. Hiki ni kidude kidogo cha kuvuta mvuke wa ndani ya injini na kuurudisha kwenye hewa inayoingia. Kikikwama wazi, huvuta oili nayo, na magari mengi yenye umri wa lako hayajawahi kubadilishiwa hata mara moja. Kisha angalia moshi. Wingu la bluu unapokanyaga baada ya gari kukaa sailensi au kuteremka mlima ni sili za valvu, ambazo kwenye injini nyingi hubadilishwa bila kutoa silinda hedi. Moshi wa bluu usiokoma gari likivuta mzigo ni ringi. Na tazama kijiti cha oili: kujaza kupita alama ya juu kunatosha kulifanya gari linywe oili.

Hapo ndipo swali lako la thamani linapojibiwa. Ikiwa ni PCV au sili, rekebisha, kisha nunua masega mazuri bila kusita. Gari la kilomita 240,000 lenye kompresheni nzuri bado lina maisha. Ikiwa ni ringi na huna mpango wa kufungua injini, fundi wako wa tatu ana hoja, kwa sababu masega yoyote utakayofunga yatapakwa majivu yaleyale. Lisemwe wazi hilo kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kuhusu kutoboa: nakuomba usikubali. Nguvu zitarudi, ni kweli, lakini zinarudi kwa sababu kizuizi kimetoka, na masega mapya yasiyoziba yatakupa nguvu zilezile. Utakachopata zaidi ni taa isiyozimika, kwa sababu sensa ya nyuma itaona moshi uleule unaoonwa na ya mbele. Taa ikishazoeleka, siku silinda nyingine itakapomisi hutajua. Baadhi ya mafundi huisogeza sensa ya nyuma kwa kipande cha chuma ili iidanganye kompyuta. Gari linanyamaza, huku moshi wenye sumu unaendelea kutoka kwa kiwango cha injini isiyo na masega kabisa, na anayeuvuta ni wewe kwenye foleni pamoja na watoto wanaopita kando ya barabara. Nchi nyingi zimekataza jambo hilo kisheria, na gari linaweza kukataliwa kwenye ukaguzi.

Katika kununua, chagua yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya gari lako hasa, yenye flangi zake na matundu ya sensa mahali pake. Peleka namba ya chesisi, ukubwa wa injini na kiwango cha utoaji moshi kilichoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, kwa sababu gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na masega ya aina mbili. Yale ya kuchomelea yanafanya kazi yakichomelewa na mkono mzuri, lakini mengi ya bei ya chini kabisa yana tofali fupi na madini kiduchu. Kompyuta huyakubali kwa miezi michache, kisha P0420 inarudi. Uliza muda wa dhamana, na usome masharti: watengenezaji wengi hukataa dai ikiwa tofali limeyeyuka au limejaa oili. Yaliyotumika, usinunue, huwezi kuona kwa macho madini yaliyobaki.

Nunua pamoja nayo gasketi zote za viungo utakavyofungua, boliti na springi mpya, nati mpya, na kwa umri wa gari lako sensa ya mbele mpya. Sensa ya kilomita 240,000 hata ikiwa hai imekuwa nzito kuitikia, mchanganyiko wa petroli unayumba, na masega mapya ndiyo yanayolipia.

Kazi yenyewe ni nyepesi kwenye karatasi. Kinachochosha ni kutu. Jioni ya kabla, mwagia boliti zote na mashina ya sensa mafuta ya kulegeza kutu, urudie asubuhi. Ekzosi ipoe kwa saa kadhaa. Toa waya hasi wa betri. Egemeza gari kwenye stendi mbili imara juu ya sakafu ngumu. Jeki peke yake haitoshi kulala chini yake. Tumia boksi ya pembe sita, maana ya pembe kumi na mbili huviringisha kichwa cha nati iliyoliwa na kutu. Chomoa plagi ya waya wa sensa kabla ya kuizungusha, la sivyo unausokota waya hadi unakatika ndani. Sensa nyingi huchukua spana ya milimita 22, na hutoka kwa urahisi zaidi ekzosi ikiwa na uvuguvugu. Ikigoma, usiivute kwa hasira hadi ikatoka na nyuzi za tundu: kaza kidogo, legeza kidogo, ongeza mafuta. Boliti ya flangi ikikatika, usichomelee haraka. Mara nyingi kuitoboa katikati na kupitisha boliti nzima yenye nati nyuma kunamaliza kazi kwa usafi zaidi.

Kopo la zamani likitoka, litazame kwa tochi kabla ya kuliweka kando, kwani ndiyo ripoti ya daktari. Vitundu vilivyoyeyuka na kuwa donge linalong'aa: kumisi au petroli kuzidi. Unga wa kijivu au mweupe uliofunika uso: oili au maji ya rejeta. Masizi meusi laini: petroli nyingi. Tofali safi lililopasuka tu: kopo liligonga jiwe, au lilitumbukia majini likiwa la moto, au limetikiswa na mpira wa kuning'inizia ekzosi uliokatika. Usilitikise ukavuta vumbi lake, na vaa barakoa, kwa sababu unga wa kauri na nyuzi za mkeka unaolizunguka tofali havifai mapafuni. Pima kwa macho: kuna vipande vinavyokosekana? Vimekwenda nyuma. Toa sailensa uigonge chini ikiwa imesimama wima. Vipande vikianguka, hiyo ndiyo sababu watu hubadilisha masega na gari likabaki zito vilevile. Ikiwa masega yako yamekaa jirani kabisa na manifodi, kagua silinda pia kwa kamera ndogo kupitia tundu la plagi, maana vumbi la kauri linaweza kufyonzwa kurudi ndani na kukwaruza kuta.

Kufunga: safisha nyuso za flangi kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Mshale ulio kwenye kopo uelekee nyuma ya gari. Shikiza boliti zote kwa mkono kwanza, ekzosi ining'inie yenyewe kwenye mipira yake bila kulazimishwa, ndipo ukaze kuanzia mbele kwenda nyuma kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Sensa mpya mara nyingi huja na grisi yake kwenye nyuzi. Usiongeze, na ncha isiguswe na kitu chochote. Kwa nyingi kiasi cha nyutoni mita 40 kinatosha. Usipake silikoni ya kawaida popote, maana mvuke wake huua sensa, na usipake lami ya ekzosi mbele ya masega, maana ikikauka hubanduka vipande na kuingia kwenye vitundu. Kama kuna kuchomelea, sensa ziwe nje na betri imetenganishwa. Rudisha bati la kukinga joto hata kama boliti zake zimeoza. Bila hilo, zulia la sakafuni linaweza kuungua.

Washa gari liache sailensi dakika tano, kagua uvujaji, kisha panda taratibu hadi mizunguko 2,500 kwa dakika mbili. Mkeka unaolishika tofali huvimba kwa joto hilo na kulibana. Moshi mwepesi na harufu ya kuungua siku ya kwanza ni mafuta ya kiwandani. Futa kodi, na baada ya kilomita 100 hivi kaza boliti tena gari likiwa limepoa. Kompyuta haitajipima hadi uendeshe kuanzia injini baridi, kisha mwendo wa kutulia wa kilomita 80 hadi 90 kwa saa kwa robo saa, kisha uachie mafuta gari lipunguze mwendo lenyewe bila breki. P0420 ikirudi ndani ya wiki, rudi kwenye uvujaji na sensa kabla ya kulaumu masega.

Kopo la zamani usimwachie fundi bila mazungumzo. Madini yaliyomo hununuliwa na wanaorejeleza vyuma, hata tofali likiwa limevunjika.

Kwa sasa, kabla ya matengenezo, liendeshe safari fupi tu na usilivutishe mlimani. Taa ya injini ikianza kumeta badala ya kuwaka tu, silinda inamisi sasa hivi: achia mafuta, simama mahali salama, uzime. Na popote utakaposimama, usiegeshe juu ya nyasi kavu, kwa sababu kopo lililoziba linaweza kuwa jekundu kwa joto chini yako bila wewe kujua.